Upande wa Jikoni

Fundi Kou alipoinua nyundo, mama yangu alipanda kitanda cha matofali, kile kinachopashwa na moshi wa jiko unaopita chini yake, akakunja miguu kama mtu anayesubiri chai.

"Haya, nianze na wewe?" Kou alimtania.

"Anza. Mifupa yangu haishindi matofali aliyoyapanga marehemu mume wangu."

Nilichemka. Ni mimi niliyetoka mjini na wazo la mashine inayovuta joto hewani, hata theluji ikifika magotini. Kou alikuwa amenionyesha na jiko la mabua ya mahindi yaliyoshindiliwa, ambalo lingekipasha kitanda kama zamani. Nikakataa. Daktari alishasema kifua cha mama hakitaki moshi tena. Na kitanda chenyewe, jamani, kilishakufa. Kila majira ya baridi nilimkuta mama mikono barafu tupu.

"Mama, shuka. Hiki hakikupi joto."

"Nani kasema?"

Asubuhi ile mama alikuwa amewasha moto jikoni kwa ukaidi. Kou akaweka kiganja kwenye upande wa kitanda unaopakana na jikoni, akakiondoa upesi. "Loo! Dada, hiki kizima kabisa. Hapa unakaanga yai."

Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa mwisho kabisa, dirishani, tulikokuwa tukilala sisi watoto. Upande wa jikoni, wenye joto kuliko kwingine, ni wa mkubwa wa nyumba. Mto wa baba ulikuwa bado pale, umekung'utwa vizuri, na baba tulimzika miaka mitatu iliyopita.

"Mama, siku zote hizi unalala huku?"

"Sasa nilale wapi? Pale pana mwenyewe."

Nilitaka kusema neno, lakini kikohozi kilimshika, akakohoa mpaka akaegemea ukuta. Kilipotulia, akafuta macho.

"Hiyo mashine yenu, upande wake wa moto ni upi?"

"Haina upande, mama," Kou akajibu taratibu. "Nyumba nzima ni sawa."

Mama akafikiri. Kisha akauchukua mto wa baba, akaukumbatia, akashuka mwenyewe.

"Vunjeni."

Juma lilipokwisha, nyumba ilikuwa na joto hadi pembeni. Kitanda kipya cha mbao kilikuwa kipana. Mama alitandika shuka zake dirishani, na mto wa baba akauweka upande wa jikoni.

"Mama, siku hizi kote joto ni sawa."

"Najua, mwanangu," alisema, akavuta blanketi, wala hakusogea.