Kipande cha Sita

Mama Sindano aliingia sebuleni kwa wakwe wa binti yake bila hata kuvua koti la maabara. Miaka ishirini na miwili ya kupima damu za watu hospitalini ndiyo iliyompa jina hilo, na siku hiyo alikuwa amefura. Wakwe walikuwa wamekata shauri binti yake arudi kwao, eti ameingiza damu mbovu katika ukoo. Mjukuu, wa miaka mitatu, alikuwa amelazwa mara ya nne. Viungo vilimuuma mpaka sauti ya kulilia ikamkauka. Alikuwa na selimundu.

"Kwetu hatuna ugonjwa huo," alisema dada wa mume, amekunja nne. "Aliyeuleta tunamjua."

Watu wengine bwana! Mtoto yuko kwenye dripu, wao wanatafuta mchawi.

"Unamjua nani wewe, na hata kundi lako la damu hulijui?" Mama Sindano aliwaka. "Nisikilize. Seli ina maandishi yake, inayasoma herufi tatu tatu. Kila tatu zinaita kipande kimoja, kinaungwa nyuma ya mwenzake, kama hizo shanga shingoni mwako, mpaka protini itimie. Kwa mjukuu wangu herufi imebadilika moja. Moja tu! Mahali pa kipande cha sita kinakuja kisicho chenyewe, chembe ya damu inajikunja, inaziba mishipa. Na maandishi hayo ni nakala mbili, ya baba na ya mama. Ikiharibika moja, mtu anadunda tu. Mtoto haugui mpaka ziharibike zote mbili. Haya, hiyo ya pili aliipata wapi, dukani?"

Mkwewe, mume wa binti, aliyekubali kupimwa asubuhi ile, alitoa karatasi mfukoni.

"Ni kweli," alisema. "Hata mimi ninayo nakala moja mbovu. Mke wangu haendi popote."

Dada mtu akanywea. Mama Sindano akajifuta jasho, amewashinda, na bado alitamani kuwaongezea maneno.

"Mama," binti yake aliita. Tangu kikao kianze hakuwa amefungua kinywa. "Wachumba wa mtaa mzima walipanga foleni kwako wapimwe kabla ya ndoa. Uliwakemea waliokataa. Mimi ulinipima lini?"

"Mwanangu, wewe nilikuona mzima..."

"Lini, mama?"

Hakuwahi. Mganga hajigangi, watu husema, na wengi wamejificha nyuma ya msemo huo. Damu za wageni alizitilia shaka zote. Ya mwanawe aliiamini kwa macho. Hasira aliyokuja nayo ikamgeukia mwenyewe, akashindwa hata kuomba radhi.

Binti alichukua chupa ya uji na kanga ya mtoto.

"Naenda wodini," alisema. Mama Sindano alipoinuka amfuate, akamzuia kwa mkono. "Hapana. Wewe baki na hawa wenzako."