Pesa za Mahindi Yaliyokauka

Mwaka ule mahindi ya Vitengeni yalifika magotini yakakoma. Pola aliyatazama yakijikunja majani mchana na kujikunjua usiku, hata siku moja hayakujikunjua tena. Akayakata akawapa mbuzi. Ulikuwa msimu wa pili kuharibika, na uji waliokunywa wanawe ulikuwa mwepesi kama maji yaliyooshewa mchele.

Kwa hiyo iliposikika kwamba serikali itawatumia pesa za mbegu na chakula wakulima waliopoteza mazao, Pola hakungoja kuambiwa mara mbili. Nicholas, afisa wa kilimo, alikuja na pikipiki, akazunguka shambani, akamsimamisha Pola katikati ya visiki vya mabua, jembe mkononi, akampiga picha.

"Shamba hili la nani?"

"Langu."

"Nauliza jina lililoandikwa, mama."

Shamba lilikuwa kwa jina la Ngumbao, mumewe, ambaye alilirithi kwa babake. Ngumbao alihamia Malindi zamani kuendesha tuktuk, akapanga chumba Muyeye, akawa anaishi na mwanamke mwingine, Everlyne. Tangu hapo hakushika jembe. Kila Krismasi alikuja, akawapa watoto mkate, akarudi zake.

"La mume wangu," akasema. "Lakini mimi ndiye ninayelima. Muulize yeyote."

"Sina haja ya kuuliza, naona mwenyewe. Ila anayesajiliwa ni mwenye shamba, kwa kitambulisho chake na simu yake. Mpigie."

Ngumbao, ambaye kwa kawaida hapatikani, siku hiyo alipokea simu upesi. Akataja nambari zake bila kusitasita. "Zikiingia tu nakutumia, mama Katana," akasema. "Zote. Mimi hapa nakula kwa tuktuk."

Pesa zikaingia. Jirani yake Jedida alinunua mbegu na gunia la mahindi ya kula. Pola alipompigia Ngumbao, akaambiwa bado. Akapiga tena, bado. Kisha simu ikawa haiiti kabisa. Jedida akamwazima nauli, naye Pola akateremka Malindi.

Huko Muyeye alikuta wanaume wanafungua turubai mbele ya nyumba. Kreti za soda zilipangwa ukutani, na wanawake walikuwa wakisugua masufuria makubwa kwa mchanga. Everlyne alimtambua kwa mbali. Akaacha kazi, akaja mbio, akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Laiti ungekuja jana! Wazee wangu walikuja kutoka Kaloleni. Baba Katana amenilipia mahari yote, dada. Miaka yote hii nilikuwa nakaa tu kama mtu aliyejileta. Sasa hata mama yangu ataingia humu na kula." Macho yalimjaa machozi ya furaha. "Mungu amemfungulia mwaka huu."

Pola akaketishwa kwenye mkeka, akaletewa sahani ya pilau iliyobaki, ina nyama kubwa kubwa. Alijua anakula nini. Alijua ni msimu wake wote uliomo katika ile sahani, jua lote na mgongo wake wote. Lakini hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, na mkono ulikwenda wenyewe. Pilau ilikuwa tamu, na utamu wenyewe ndio uliomuumiza. Akala mpaka akamaliza, akaona haya kwa kumaliza.

Ngumbao alipofika na tuktuk yake, alimwona akasita, kisha akacheka kama mtu aliyepata mgeni.

"Baba Katana, ziko wapi pesa za mahindi?"

"Tusizungumze hapa."

"Hapa ndipo zilipoliwa. Tutazungumza wapi?"

Ngumbao akakunja uso. "Zile ni za mwenye shamba. Mimi sikujiandika, serikali yenyewe ndiyo iliyoniandika. Kwani jina lako liko wapi pale? Nitakutumia za mgao ujao."

Everlyne alisimama na sufuria mkononi. "Si uliniambia ni za tuktuk?"

Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mchele, akauweka miguuni pa Pola bila kumtazama usoni. Pola alitaka kuupiga teke. Akawakumbuka watoto, akaubeba.

Aliposhuka gari Vitengeni, alipita ofisini kwa Nicholas. Yule kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Nakuonea huruma, mama, kweli. Lakini pesa zilimfikia aliyesajiliwa. Kwetu kazi imekwisha. Hayo mengine ni ya nyumbani kwenu."

Mvua ikaja, ikanyesha vizuri kwa kumkomoa mtu asiye na mbegu. Jedida akampa kipande cha ardhi yake na mbegu alizobakisha, wakapatana kugawana mavuno. Pola akalima kule. Shamba la Ngumbao likaota magugu.

Safari hii simu ilitoka Malindi. "Mama Katana, watu wa kilimo wanapita kukagua. Asiyepanda anafutwa orodhani. Panda hata mistari ya mbele, waone kijani!"

"Njoo upande," akasema Pola. "Mwenye shamba ni wewe."

Nicholas alipofika, akayatazama magugu, akamtazama Pola. "Mkifutwa hapa, mama, kurudi ni vigumu. Na ni watoto wako watakaolala njaa."

"Najua."

"Basi niambie kwamba mtapanda wiki hii, nitaandika hivyo."

Alikuwa anataka kumsaidia kwa dhati, na Pola aliliona hilo. Neno lilimfika ulimini. Lakini aliiona pia ile sahani ya pilau, akasema, "Andika unachokiona."

Wakafutwa. Kijijini wakamsema kwamba wivu umemtoa akili. Hata Jedida alimwambia, "Umejikomoa mwenyewe, mwenzangu," na Pola hakubisha. Mavuno waliyogawana hayakufika mwisho wa mwaka. Katana, mwanawe mkubwa, akaacha shule, akaenda Watamu kuchimba mawe.

Ngumbao alikuja kwa hasira, hakulala hata siku moja. Akalikodisha shamba lote kwa mfanyabiashara wa Mombasa wa kulima matikiti, akaacha nyumba tu na ua wake. Yule mtu akaleta trekta na mipira ya maji, akatafuta vibarua. Pola alikaa ndani siku za mwanzo. Kisha akachukua jembe, akaenda kupanga foleni na wenziwe.

Jioni msimamizi aliwalipa pale pale ukingoni mwa shamba, kila mtu mkononi mwake. Pola akazishika noti, akazigeuza. Tangu aolewe, shamba lile halikuwahi kumpa yeye pesa kwa mkono wake. Akazifunga kwenye pindo la leso, akaenda dukani kununua unga wa paketi.