Kipima Mionzi Mkononi mwa Hind

Wivu ulimwingia Hind siku ileile Everlyn alipoajiriwa kwenye maabara yao pale Silicon Oasis, na haukumtoka. Hind, mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa hapahapa Dubai, alishazoea kutangulizwa yeye. Sasa Daktari Sultan, mkuu wao, alikuwa akitafuta mtu wa kuongoza uchunguzi wa hori moja, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu nje ya mji, kujua kama maji na matope yake yameingiwa na mionzi. Na kila akifungua mdomo, ni Everlyn, Everlyn. Hind alimchukia Mkenya wa watu mpaka kicheko chake.

Asubuhi hiyo walipima matope ya hori. Kopo la Hind lilipokaribiwa na kipima mionzi, mashine ikalia tik-tik kidogo ikanyamaza. Everlyn akaja amechelewa, akashika kopo lake mkononi, mashine ikalia kwa nguvu.

"Yalla, tumepata kitu," Sultan akasema. "Everlyn, kazi ya hori utaiongoza wewe."

Roho ilimuuma Hind kweli. Matope ya mahali pamoja, ya mwenzake yalie na yake yanyamaze? Akalibeba kopo la Everlyn na kipima, akatoka navyo nje ya mlango. Kimya.

Hapo akaelewa. Kinacholia ni mtu, si tope, na mtu halizi mashine ila ametiwa dawa ya hospitali yenye mionzi, ile ya kupigia picha. Angeweza kumwita pembeni akamnong'oneza. Hakutaka. Alitaka aumbuke mbele ya wote.

Akarudi, akakisogeza kipima kifuani mwa Everlyn. Kikalia mfululizo.

"Daktari, matope haya hayana kitu. Mwenye mionzi ni huyu."

Everlyn akapandisha mkono wa blauzi. Pamba ilikuwa imebandikwa penye kiwiko.

"Nimedungwa dawa asubuhi, hospitalini Oud Metha," alisema taratibu. "Mchana narudi wanipige picha ya mifupa. Wanaogopa kansa ya titi imefika huko. Nilikuja kuwaletea matope tu, nikasahau nikae mbali na mashine. Poleni. Siku hizi akili haiko."

Hakuna aliyekuwa akijua habari ya titi.

Sultan alikohoa. "Basi Hind, kazi ya hori chukua wewe."

Ndilo neno alilolililia mwaka mzima. Lakini kipima kilikuwa bado kinalia mbele ya kifua kile, na Hind alipapasa kitufe cha kukizima asikipate.

"Hiki hapa, dada," Everlyn akasema, akakizima yeye.