Punda Aliyeitwa Karani

Mzee Taratibu hakuwa na simu, wala leseni, wala meno mawili ya mbele, wala koti la mvua lisilovuja. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwachia kazi. Zaidi ya yote, hakuwa na usingizi. Usiku alijigeuza kitandani kama samaki kikaangoni, mpaka mkewe akahamia mkekani.

Alichokuwa nacho ni mkokoteni na punda aliyeitwa Karani, kwa kuwa alijua anwani za watu wote. Walisambaza unga kutoka kinuni kwenda madukani, na Karani alisimama mwenyewe mbele ya kila duka. Jioni mzee alijilaza juu ya magunia matupu, akalala fofofo, na punda akamfikisha mlangoni. Mkewe alimwamsha kwa kugonga ubao wa mkokoteni kwa mwiko.

Binti yao, muuguzi katika mji wa mbali, alikuja likizo akaona mabega ya baba yake yalivyoporomoka. Akamnunulia pikipiki ya magurudumu matatu, yenye tela nyuma.

"Baba, umechoka. Sasa ichoke mashine."

"Ahsante, mama," mzee alimjibu. Binti akarudi kazini baada ya kupatana na mchuuzi wa mifugo aje kumchukua Karani mwisho wa mwezi.

Fundi baiskeli wa jirani ndiye aliyemfundisha mzee kuendesha. Kazi ilikuwa kusimama. Kila alipotaka kusimama, mzee alivuta usukani kifuani na kusema, "Oosh," kama alivyomwambia Karani. Mashine ikaendelea na safari zake hadi kwenye pipa la maji la kinu.

"Mzee, breki iko mguuni, haiko mdomoni."

"Mguu wangu haujazoea kutoa amri."

Hatimaye akaweza. Ila mwenye kinu, alipoona mzigo wa kutwa unaisha saa sita mchana, alimwongezea mwingine wa alasiri, kisha maduka ya ng'ambo ya reli. Mzee alirudi nyumbani mikono imekufa ganzi kwa mtikisiko wa usukani, akala, akapanda kitandani kukodolea macho dari.

Alhamisi jioni alikuwa akirudi na tela tupu. Barabara ilikuwa imenyooka, upepo wa uvuguvugu, na mwili wake ulijua saa hiyo ni ya nini. Alipofumbua macho alikuwa ndani ya ua wa michongoma karibu na nyumbani kwake, mashine bado inanguruma. Mkewe alikuja mbio, mwiko mkononi.

"Imekuwaje?"

"Nililala."

"Nani alikuwa anaendesha?"

Mzee alifikiri. "Hakuna."

Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamkatika ghafla, akaanza kumchomoa mumewe miiba shingoni, mmoja mmoja.

"Mwandikie mtoto," alisema.

"Atanuna. Ataniona sina shukrani."

"Anune. Akinuna nitambembeleza. Wewe ukifa nitambembeleza nani?"

Asubuhi mzee alimtumia mchuuzi salamu kwamba asije, akaenda kuzungumza na fundi na mwenye kinu. Kisha akakaa mezani, akavaa miwani, akaandika polepole:

"Mwanangu, mashine ni nzuri, mbaya ni dereva. Ulitaka nipumzike. Mimi kitandani sipumziki, napumzika mkokotenini, na siku zote sikujua hivyo mpaka ulipoegeshwa. Mashine ataiendesha fundi, apeleke mizigo ya ng'ambo ya reli. Mimi na Karani tumebaki na maduka ya karibu. Nimechoka kweli, mama, hukukosea. Ila naomba nichoke na mtu anayejua nyumbani."

Alisoma tena, akataka kufuta "mtu" aandike "punda". Akaacha.

Mkewe alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja hadi ikashika. Mzee akapanda mkokoteni hadi stendi, akaikabidhi kwa kondakta wa basi la mchana liendalo mji wa binti yake.

"Babu, siku hizi watu wanapiga simu."

"Kwa simu binti yangu angenikatiza. Mpe hospitalini, mkononi mwake."

Kondakta alichomeka bahasha juu ya kioo cha mbele, akagonga bodi mara mbili, na basi likaondoka nayo.