Mechi Mia Nne na Kumi na Mbili za Kocha Kuwabara

"Miaka kumi na saba! Mechi mia nne na kumi na mbili! Na sijajifunga hata mara moja!"

Wachezaji wa Nagasune walikuwa wameyasikia maneno hayo mara nyingi hadi wengine wakawa wanayatamka pamoja na kocha wao, midomo ikicheza bila sauti. Kocha Kuwabara aliyasema mazoezini, akayasema kwenye basi, akayasema hata kwenye harusi ya kipa wa akiba, katikati ya hotuba ya kuwatakia maharusi heri. Watu walipiga makofi. Bibi harusi alimnong'oneza mumewe, "Kwani kujifunga ndiyo nini?"

Haki yake apewe, alikuwa beki kweli. Pua ilivunjwa mara tatu, kila mara ikapona ikielekea upande mwingine, mpaka mwisho ikarudi katikati. Mbio hakuwa nazo, chenga hakuzijua; alikuwa na mwili na ubishi. Washambuliaji walimwita Kabati, kwa sababu ukimgonga, anayeumia ni wewe. Alipotundika daluga akiwa na miaka thelathini na sita, mji mzima wa Nagasune, mji wa matunda ya mapeasi na upepo, ulikubali kwamba timu sasa ainoe yeye.

Basi Jumapili iliyopita, dakika ya themanini na nane, beki wa kati Nukaga, kijana wa miaka ishirini na moja, asubuhi yuko kwenye mashamba ya mapeasi na mchana yuko uwanjani, alinyoosha mguu kuokoa krosi. Akautia mpira kwenye wavu wake mwenyewe, tena kwa ufundi ambao washambuliaji wa Nagasune hawakuuonyesha msimu mzima. Wakalala bao moja bila. Ilibaki mechi moja tu, ya Jumamosi. Wasiposhinda hiyo, wanashuka daraja.

Kuwabara alitaka kumtia moyo. Akamshika bega mbele ya wote. "Inua kichwa, Nukaga. Nitazame mimi. Miaka kumi na saba, mechi mia nne na kumi na mbili..."

Jumatatu Nukaga alimletea bahasha nyeupe, ameishika kwa mikono miwili, ameinama hadi kisogo kikaonekana. Ilikuwa barua ya kuacha timu.

"Nisamehe, Kocha. Mtu kama mimi hastahili kufundishwa na mtu kama wewe."

Kuwabara aliiona bahasha ile kama kadi nyekundu. Beki wake mwingine wa kati alikuwa amefungiwa, wa tatu alikuwa na goti lililovimba kama peasi. Lakini hayo yalikuwa madogo. Kubwa ni kwamba kijana huyu aliusoma mchezo kuliko alivyowahi kuusoma yeye Kabati, na sasa alikuwa anarudi kupogoa matawi kwa ajili ya mguu mmoja ulionyooshwa.

"Ngoja kikao cha Jumatano," alisema. "Baada ya hapo ndipo nitaifungua."

Mchana akaenda kula tambi kwa Tatebayashi, kipa wa zamani wa Nagasune aliyefungua mkahawa karibu na geti la uwanja. Tatebayashi alikuwa amemtangulia shule kwa miaka mitatu, kwa hiyo alikuwa mkubwa wake hadi kaburini. Akimwambia "kaa", Kuwabara huwa ameshakaa.

"Mtoto anaacha mpira, Kaka Tate."

"Nimesikia. Na anayemfukuza ni wewe na hizo hesabu zako." Tatebayashi akachovya tambi kwenye maji ya moto. "Mwambie ya kule Kumahira."

"Ya Kumahira yapi?"

Tatebayashi alielekeza upawa chini, kwenye mguu wake wa kushoto.

Ya Kumahira yalikuwa hivi. Miaka ishirini na mitatu nyuma, mvua inamwagika, wapinzani wana kona. Kuwabara, mgeni kwenye timu, akirudi nyuma kwa haraka, alimkanyaga Tatebayashi kidole gumba kwa daluga. Kumkanyaga mkubwa wako! Kichwa kilikuwa hakijaamua lolote, mwili ukaamua peke yake: ukasimama wima, mikono mapajani, ukainama kuomba radhi, kama walivyofundishwa shuleni kila asubuhi. Kona ikapigwa. Mpira ukamgonga utosini ukaingia wavuni. Mshambuliaji wa Kumahira aliyekuwa jirani, mtu asiye na haya, alikimbia mikono juu kana kwamba kafunga yeye, na mwamuzi, miwani imejaa maji, akaandika hivyo hivyo.

"Karatasi za mechi zinasema alifunga yule wao," alisema Kuwabara.

"Karatasi hazina kidole."

"Kaka, nikilisema hilo nitabaki na nini? Nitakuwa kabati lisilo na milango."

"Kula, zinapoa."

Jumatano saa nane mchana walikutana ghorofani, kwenye chumba cha klabu. Viatu vilibaki mlangoni, watu wakakaa duara juu ya mikeka. Ndivyo walivyofanya kila baada ya kushindwa: kila mmoja anataja kosa lake, kocha akiwa wa mwisho, na hakuna anayeruhusiwa kutaja kosa la jirani.

Mshambuliaji alikiri kwamba mpira ulipomfikia alikuwa anawaza samaki wa kuchoma. Mtunza vifaa alikiri kufua jezi nyeupe pamoja na soksi nyekundu. Jambo ambalo timu nzima, iliyocheza Jumapili ikiwa ya waridi, ilikuwa imeshalishuku. Zamu ya Nukaga ilipofika, aliinamisha kichwa.

"Langu mnalijua. Sina la kuongeza."

Bahasha ilikuwa mbele ya magoti ya kocha. Kuwabara akakohoa, akakohoa tena, akatazama dari.

"Mimi nilikuwa na rafiki," alisema.

Wakatazamana. Sentensi hiyo haikuwa na namba hata moja.

Akawasimulia yote: mvua, kona, daluga, kidole, na rafiki akiinama kwa adabu huku mpira unakuja. Alipofika kwenye utosi, mshambuliaji alianguka ubavuni kwa kicheko. Mtunza vifaa alifuta machozi kwa jezi ya waridi. Hata Nukaga, aliyekuwa hajacheka tangu Jumapili, mabega yalianza kumtikisika.

"Aliinama kabisa, Kocha? Katikati ya mechi?"

"Kabisa. Na bado akacheza miaka mingi. Kwa hiyo, wewe na huo mguu wako..."

"Huyo rafiki alivaa jezi namba ngapi?"

"Ah, zamani hizo! Nani anakumbuka?"

"Nne," ilisema sauti mlangoni.

Tatebayashi alikuwa amesimama na sanduku la mabakuli ya tambi, maana klabu iliagiza chakula cha kikao kwake. Namba nne iliwatazama wote kutoka kwenye picha ya Kabati ukutani.

"Kaka Tate, weka tu hapo, asante, tutakula baadaye," alisema Kuwabara haraka haraka.

"Kikao cha makosa hiki, si ndiyo? Nami nilikuwa golini siku hiyo." Viatu alikuwa ameshavua. Akakaa mkekani, akavua na soksi ya kushoto, akanyoosha mguu katikati ya duara. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepinda kando kama mkia wa nguruwe. "Huyo rafiki alinifanyia hivi. Akawa rafiki yangu pia, nimemficha miaka ishirini na mitatu."

"Kwa nini ulimficha?" aliuliza Nukaga.

Tatebayashi akakuna shavu. "Kwa sababu mpira ule ulikuwa wa kudakwa hata na mtoto. Ila alipoinama, nami niliinama kumrudishia."

Kuwabara aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Uliinama? Hukuniambia!"

"Wewe ulikuwa unatazama majani, ungeniona wapi?"

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Nukaga alijishika tumbo, na kwa mkono wa pili, bila kuomba ruhusa ya mtu, akaivuta ile bahasha kutoka magotini pa kocha na kuisokomeza kwenye soksi yake.

"Kwa hiyo, Kocha," alisema akihema, "ile mia nne na kumi na mbili..."

"Kuwabara!" aliita Tatebayashi, kwa sauti ile ile ya zamani ya golini. "Kidole bado kinauma."

Na kabla kichwa hakijaamua lolote, Kabati alikuwa ameshasimama wima, mikono mapajani, mgongo unashuka, utosi umeelekea kwa wachezaji wake wote.

"Kocha!" alipiga kelele Nukaga. "Kona!"