Herufi Tano

Ugonjwa wa miaka sita uliangushwa na herufi tano za Kiarabu. Zilikuwa kwenye kioo cha simu ya Nunu, katikati ya barua ya kamati, zimepigiwa mstari: waswas. "Maelezo ya mwombaji hayaafikiani na ripoti ya daktari," barua ilisema, na ombi la Hamdun la kupewa posho ya ulemavu likawa limekataliwa kwa adabu zote.

Hamdun aliisoma akiwa jikoni, mgongo kaegemeza kwenye friji. Alipenda kusimama pale. Friji lilikuwa kuukuu, lilinguruma mchana kutwa, na mngurumo ule ulimsaidia kupumua. Alimrudishia dada yake simu.

"Nani kaandika waswas?"

Nunu alikuwa anakata vitunguu. Kisu kikasimama. "Mie," alisema, kisha macho yakamtoka. "Khaa! Kaka, mie! Niliandika nini mie?"

Ripoti ya daktari ilisema qalaq, hofu iliyopita kiasi, yenye kumzuia mtu kufanya kazi. Lakini fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kilichomtaka mwombaji aeleze maradhi yake kwa maneno yake mwenyewe. Hamdun hakuweza hata kuitazama fomu ile, jasho lilimtoka kwa kuona mistari yake tu, basi Nunu akakaa akaijaza kwa niaba yake. Na kwa Mwarabu, waswas ni minong'ono ya Shetani. Mwenye waswas ni yule anayetawadha mara tano na bado akasimama kwenye mkeka akijiuliza kama mguu wa kushoto aliuosha. Nunu aliyajua hayo vizuri kuliko walimu wengi, maana alizaliwa Jeddah na Kiarabu alikisoma tangu darasa la kwanza. Lakini siku ile alikuwa anaandika habari za kaka yake, na habari za kaka yake hazijapata kusemwa katika nyumba ile ila kwa Kiswahili. Marehemu mama yao, aliyetoka Unguja mwaka sitini na nne akiwa msichana mdogo, alikuwa akisema, "Mwacheni, ana wasiwasi," na neno likabaki ndani ya nyumba pamoja na mbuzi ya kukunia nazi. Mkono wa Nunu ulilichukua kama lilivyo, ukalivika herufi za Kiarabu, ukabonyeza "tuma".

Nunu alilia, na safari hii vitunguu havikuwamo. Hamdun alijua analilia nini. Nunu alikuwa ameposwa na Mubarak, mwalimu wa hesabu huko Riyadh, na siku ya harusi ilikwisha kusogezwa mara mbili. Nani angebaki na Hamdun? Nani angemfungulia mlango mtu wa gesi, nani angepokea simu, nani angekwenda sokoni? Kwa posho ile angeweza kumlipa mtu wa kuja kila asubuhi, naye Nunu angeondoka. Bila posho asingeondoka, na Mubarak, pamoja na upole wake wote, hakuumbwa kwa jiwe.

Barua iliacha mlango mmoja wazi: rufaa, Riyadh, baada ya wiki tatu. Mwombaji afike mwenyewe. Kumwita Hamdun Riyadh athibitishe kwamba hawezi kutoka nyumbani ilikuwa sawa na kumtaka kiziwi apige simu athibitishe kwamba hasikii. Alicheka alipolifikiria hilo, kicheko kifupi, halafu akarudi kuegemea friji.

Waliondoka mtaani kwao Al-Baghdadiyah, Jeddah, alfajiri, Nunu kwenye usukani. Ndege hata haikutajwa. Kwenye kona za mlima wa Hada Hamdun alijifunika uso kwa shemagh, kitambaa chake cha kichwani, akahesabu pumzi zake, na Taif ilipobaki nyuma, jangwa likawa tambarare, alidhani amepona. Baada ya mwendo wa saa mbili moyo ulianza kumpiga kooni. Vidole vikafa ganzi.

"Turudi," alisema.

Nunu hakubisha. Alisimamisha gari pembeni, akazima injini. "Ukisema turudi, tutarudi, wallahi sitakulaumu. Lakini shuka kwanza, uje uniambie hivyo huku umenitazama usoni."

Alishuka. Upepo wa moto ulimpiga kanzu miguuni, malori yakapita yakitikisa ardhi. Alizunguka mbele ya gari akasimama kwenye dirisha la dada yake. Nunu alikuwa na miaka thelathini na minne. Chini ya macho yake palikuwa na weusi ambao Hamdun hakuwahi kuuona, kwa kuwa mtu mwenye hofu hujiangalia mwenyewe tu. Alimtazama kwa muda mrefu. Miaka sita dada huyu alikuwa akimfungulia mlango, na yeye hakuwahi kuuliza nani anamfungulia yeye.

"Endesha," alisema.

"Una hakika?"

"Sina hata chembe. Endesha."

Jengo la kamati lilikuwa na lifti za vioo, na kesho yake asubuhi Hamdun alizipita bila kuzitupia jicho, akapanda ngazi ghorofa sita. Njiani Nunu alimnong'oneza, "Ukifika mbele yao utetemeke kidogo, wasije wakakuona mzima," naye akamjibu kwamba katika fani hiyo hakuhitaji mwalimu. Mlangoni karani alimzuia Nunu kwa upole, akamwelekeza chumba cha kungojea mwisho wa ujia. Mwombaji huingia peke yake.

Walikuwa watatu: Daktari Usama, mwenyekiti, mtu wa makamo mwenye miwani iliyomshukia puani, Daktari Lina, kijana, kalamu mkononi, na mwandishi kwenye kompyuta. Kila kitu kilisemwa kwa Kiarabu.

"Umetoka Jeddah kwa gari," alisema Daktari Usama. "Saa kumi njiani. Kisha umepanda ngazi ghorofa sita. Si safari ya mgonjwa."

"Ngazi nimezipanda kwa kuikimbia lifti, daktari."

Mwenyekiti hakucheka. Alifunua faili. "Umeandika una waswas. Unatawadha mara ngapi kwa sala moja?"

"Mara moja."

"Unasikia sauti?"

"Hapana."

"Sasa una nini, ndugu yangu?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, jibu la miaka yote: tumbo. Alipokuwa karani wa mizigo bandarini Jeddah, alipojifungia chooni nusu saa akiuma mkono wa kanzu asisikike, alitoka akasema tumbo. Alipoacha kazi aliwaambia wenzake tumbo. Majirani walimletea mchuzi wa kuku kwa ajili ya tumbo ambalo halijapata kuuma. Mwanamume wa miaka arobaini na moja hatasema kwamba anaogopa. Na tena anaogopa nini?

Chumba kikaanza kusogea. Aliisikia ile hali ikimpanda kutoka magotini, na kwa mara ya kwanza hakuifanyia maficho.

"Naomba nisimame karibu na mlango," alisema. "Imeanza."

Daktari Lina aliinuka mwenyewe, akaufungua mlango, akauacha wazi. Hamdun alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Kanzu ilimganda mgongoni, mikono ikatetemeka hata pete ikagongagonga mbao. Walimtazama, naye akawaacha wamtazame. Ilichukua dakika kadhaa, na hakuna aliyemharakisha. Sauti iliporudi, ilirudi nyembamba, lakini ilikuwa yake.

"Neno lile si la kwenu," alisema. "Herufi ni za kwenu, neno ni la mama yangu. Sisi asili yetu Zanzibar. Kwetu, mama ambaye mtoto wake amechelewa kutoka shule ana wasiwasi. Anayengoja majibu ya hospitali ana wasiwasi. Kila mtu anao, na mtoto akibisha hodi unaondoka. Wangu mie hauondoki. Mtoto ameingia, amekula, amelala, nami bado nimesimama mlangoni namngoja."

Mwandishi aliacha kuandika.

"Wa kwenu hunong'ona," Hamdun alimalizia. "Wangu hupiga kelele."

Daktari Lina aliuliza polepole, "Ulianza siku gani? Kulitokea nini?"

"Hakukutokea kitu. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Ilikuwa Jumanne, nilikuwa nimeshika karatasi za shehena ya vigae, na jua lilikuwa zuri."

Daktari Usama alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mwenye wasiwasi," alisema, akilitamka neno kwa Kiswahili, vibaya kabisa, kwa heshima. Kisha akamgeukia mwandishi. "Andika kwamba maelezo ya mwombaji yanaafikiana na ripoti. Lugha ndiyo iliyotofautiana."

Nje, Nunu alimkuta kaka yake amekaa kwenye ngazi, kanzu imelowa chapa, anacheka na kulia kwa pamoja. "Umetetemeka?" aliuliza. "Nimetetemeka mpaka fanicha ikatetemeka," alisema Hamdun, na wakashuka ghorofa zote sita wameshikana mikono, kama walivyokuwa wakienda shule.

Ujumbe uliingia baada ya siku kumi na tisa. Hamdun alikuwa peke yake, mgongo kwenye friji. Aliusoma mara tatu. Ombi limekubaliwa. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka minne: alipiga simu. Nunu, aliyekuwa kazini kwenye duka la dawa, alipokea mlio wa kwanza haujaisha.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekubaliwa, Nunu. Wamenikubali!"

Kigelegele kilichopigwa katika duka lile la dawa kiliwatoa wateja nje mpaka barabarani. Hamdun aliweka simu mbali na sikio, akaacha kiendelee, akakisikiliza chote mpaka mwisho. Jioni ile hakumwambia jirani habari za tumbo. Alisema, "Nina maradhi ya hofu, na serikali imeyatambua," na jirani akasema, "Alhamdulillahi," kisha, kwa sauti ya chini, akauliza daktari wake yuko wapi.

Mubarak alikuja na ndugu zake mwezi uliofuata, na safari hii siku ya harusi haikusogezwa. Asubuhi ya kuondoka, mama wa makamo aliyekuwa akija kumsaidia Hamdun alikuwa tayari jikoni anachemsha chai, na masanduku yalikuwa yameshateremshwa. Nunu alisimama sebuleni na hina yake mpaka kwenye viwiko. Alitazama mlango, akamtazama kaka yake. 

"Kaka," alisema, "nina wasiwasi."

Hamdun alikwenda mlangoni. Moyo ulikuwa unampiga, naam, ulikuwa unampiga kama kawaida yake. Alishika kitasa, akaufungua mlango wote kwa ajili yake, na jua la Jeddah likaingia mpaka kwenye zulia.

"Vizuri," alisema. "Ila usije ukauandika kwa Kiarabu."