Moshi wa Bibi Tsona

Kiwanda cha saruji kilipokuwa kikifanya kazi, majani ya miti yetu yalikuwa ya kijivu, na mama alikuwa akianua nguo chafu kuliko alivyozianika. Kilipofungwa, majani yakarudi kuwa ya kijani na vijana wakaondoka. Bondeni nikabaki mimi na wazee. Kazi yangu ni kuwapelekea chakula kutoka jiko la manispaa, Jumatatu hadi Ijumaa.

Bibi Tsona aliishi upande huu wa mto, na mdogo wake, Babu Mincho, upande wa pili. Mincho ni kiziwi, simu kwake ni pambo tu. Tsona naye, goti lake halikutaka kusikia habari za daraja. Kwa hiyo waliangaliana kwa moshi. Dohani ya mmoja ikifuka asubuhi, mwingine anajua kumekucha salama.

"Leo moshi wake mwembamba," Bibi Tsona aliniambia siku moja, akifunua sufuria ya supu ya maharage. "Mwambie aache kuchoma soksi."

Nikavuka, nikampigia Mincho kelele sikioni.

"Mwambie za kwake zinanuka mpaka huku!"

Vuli ile ukaja mradi wa hewa safi. Binti yake Mincho, anayeishi mjini, akamwandikisha baba yake. Mafundi wakafunga hita ya umeme, wakabeba jiko la kuni, wakaziba dohani. Walipomwendea Tsona, aliwafukuza kwa ufagio.

"Bibi, moshi huo unakumaliza mapafu," nikamwambia.

"Watu wote wameondoka, Nevena. Hiyo hewa safi wanamwekea nani? Na huyu mtoto nitajuaje kama kaamka?"

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sabini na tisa.

Bibi akatafuta njia yake: Mincho akiamka, atundike blanketi jekundu dirishani. Nikafikisha ujumbe. Mincho alicheka, lakini akatundika, na kila asubuhi Tsona alikaa kwenye kiti chake akilisubiri kabla hajagusa mkate.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Mincho.

Jumamosi moja theluji ilianguka usiku kucha. Maisha yake yote, baridi ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani akawashe moto. Sasa chumba kilikuwa na joto, na hakukuwa na moto wa kuamkia. Akalala mpaka jua likapanda. Alipoamka alitundika blanketi, akaangalia ng'ambo. Moshi wa dada yake ulikuwa ukipanda, mnene, umenyooka.

"Nikasema, leo Tsona kapata kuni nzuri," aliniambia. "Nikanywa chai yangu."

Kumbe Tsona alikuwa ameangalia dirisha lile tangu alfajiri, halina kitu. Akajaza kuni jikoni ili akirudi akute nyumba ina joto, akachukua fimbo, akaenda kumwangalia mdogo wake.

Jumapili hakukuwa na moshi. Mincho alitoka bila koti, akamkuta darajani, theluji ya usiku wa pili imemfunika, uso umeelekea upande wa dirisha.

"Aliliona blanketi, Nevena?" huniuliza kila ninapompelekea chakula.

"Aliliona, babu," humjibu. Sijui.

Bado hulitundika.

Majira ya kuchipua akaja afisa wa mradi na kipimo chake. Alisimama palepale darajani, akasubiri, akasoma namba, akafurahi kweli. Mtu mwema tu, alituletea hata biskuti.

"Mkoa mzima sijaona hewa kama hii," akasema. "Hata chembe ya moshi!"

"Anasemaje?" Mincho akauliza.

Nikainama sikioni kwake. "Anasema hakuna moshi."

Mincho akaiangalia dohani ya dada yake, akaiangalia sana.

"Naona," akasema.